Je, Wajua? Tairi Halijafa, Bushi Ndiyo Imekufa

Je, wajua kwamba tairi la mashine ya kukatia nyasi, ile ya kusukuma kwa mikono, huwa la mwisho kufa? Kinachotangulia ni kitu kidogo kilichojificha katikati yake: bushi, washa, au ile bolti inayolishikilia.

Juzi, mvua ilipokatika, mwalimu mmoja aliisukuma mashine ya shule hadi kwenye karakana moja mjini Tarime. Tairi la mbele kushoto lilikuwa likiandika namba nane kwenye udongo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Inaumwa nini?”

“Tairi zimekufa. Nimeulizia mpya, naambiwa labda Mwanza au Nairobi.”

Mzee hakujibu. Kwanza alichomoa waya wa plagi, akaukunja pembeni usiguse chuma. Kisha akamwita kijana wake: “Mura, njoo. Mkono mmoja juu ya tairi, mwingine chini. Tikisa.” Kijana akatikisa. Tairi likacheza huku na huku, bolti imetulia tuli.

“Umeona, mwalimu? Tairi halijafa. Bushi ndiyo imekufa.”

Je, wajua kwamba kutikisa huko peke yake kunakupa majibu matatu? Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Tairi likicheza na bolti ikakaa kimya, tundu la katikati limepanuka: bushi imekwisha. Tairi na bolti vikicheza pamoja, ugonjwa uko kwenye bodi. Tundu la bati au la mkono wa kupandishia limeliwa, au nati imelegea. Na kama vyote vimetulia ukitikisa, lakini ukilizungusha tairi ukingo wake unapepea, basi ringi imepinda au imepasuka. Ni majibu matatu yenye tiba tatu tofauti, na gharama zake hazilingani hata kidogo. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu ananunua tairi jipya kabla hajatikisa la zamani.

Kuhusu waya wa plagi: je, wajua kwamba kisu cha mashine nyingi za aina hii kimefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya injini? Ukikizungusha kisu kwa mkono unaizungusha injini, na ikiwa na petroli na cheche, inaweza kuwaka mkono wako ukiwa humo ndani. Waya utoke kabla ya spana kugusa chochote.

Ukiilaza mashine ili ufikie tairi, kichujio cha hewa na kabureta vielekee juu. Ukiilaza upande wa pili, oili huingia kwenye kichujio na petroli hutiririka. Wengi huanza na tatizo la tairi wakamaliza na tatizo la injini kwa sababu hiyo tu.

Je, wajua kwamba gurudumu la mashine ya nyasi na gurudumu la plau hufanya kazi moja? Mkurya aliyekulia nyuma ya ng'ombe analijua lile gurudumu dogo la chuma mbele ya plau. Halibebi mzigo mkubwa, linapima kina. Ukilipandisha, plau inazama, ukilishusha, inapanda. Kwenye mashine ya nyasi, tairi nne zinapima kimo cha kisu juu ya ardhi. Gurudumu la plau likicheza, mtaro unapanda na kushuka. Tairi la mashine likicheza, uwanja unatoka na mabaka: hapa nyasi ndefu, pale udongo umeparuliwa. Wakulima wetu hawajawahi kutupa plau nzima kwa sababu gurudumu lake linayumba. Wanagonga bushi nyingine, wanaweka oili chafu, wanaendelea na shamba.

Sasa tuje kwenye milimita 0.7, maana hapa ndipo mafundi wazuri kabisa hunaswa.

Je, wajua kwamba bolti ya nusu inchi na bolti ya milimita 12 zinafunguliwa kwa spana ileile? Kichwa cha bolti ya nusu inchi, katika kipimo kilichozoeleka Marekani, kina upana wa robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05. Kichwa cha bolti ya milimita 12, katika kipimo cha zamani cha Kijerumani ambacho bado kimejaa madukani, kina milimita 19 kamili. Spana namba 19 inaingia kote kote bila malalamiko. Kwa hiyo bolti ya tairi ikipotea kwenye nyasi, fundi anachukua ya milimita 12, spana inakubali, tairi linaingia, kazi imekwisha.

Haijakwisha. Nusu inchi ni milimita 12.7. Tundu la habu lililotobolewa kwa ajili ya bolti hiyo sasa lina nafasi ya milimita 0.7 isiyo na kazi. Inaonekana ndogo. Chukua habu yenye upana wa milimita 40 na tairi lenye kipenyo cha sentimita 20, halafu piga hesabu: ukingo wa tairi unaweza kuegemea milimita 1.75 kila upande, jumla milimita 3.5. Hiyo ni siku ya kwanza. Nafasi ikifika milimita 3, ukingo unayumba milimita 15, upana wa kidole.

Na uzi wake pia haufanani. Bolti ya nusu inchi yenye uzi mkubwa wa Kimarekani ina nyuzi 13 kwa kila inchi, karibu milimita 1.95 kutoka uzi hadi uzi. Ya milimita 12 ya kawaida ina milimita 1.75. Nati ya nusu inchi ukiipachika kwenye bolti ya milimita 12 itaingia kwa ulegevu, utadhani inashika. Haishiki. Mtetemo wa nusu saa unatosha kuing'oa.

Tarime tuko kwenye barabara ya Mwanza hadi Sirari, na ng'ambo ya Sirari ni Isebania ya Kenya. Mashine zinazofika huku zimetoka pande nyingi: za Kimarekani na za Kiingereza za zamani zina inchi, za Kijapani na za Kichina zina milimita. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kwenye benchi si spana bali ni kaliba ya kupimia unene. Kama huna kaliba, funga kamba ya uzi mara kumi kwenye bolti bila kupandana, nyoosha, pima kwa rula, gawanya kwa kumi na tena kwa 3.14. Utapata unene wa bolti kwa ukaribu wa kutosha kujua ni inchi au ni milimita. Uzi uwe mwembamba, la sivyo unene wake wenyewe utakudanganya.

Je, wajua kwamba bolti ya tairi huliwa upande mmoja tu? Tairi linazunguka, kwa hiyo tundu lake linaliwa kote sawasawa na hubaki la mviringo, ila limekuwa kubwa. Bolti haizunguki. Imesimama pale pale, na uzito wa mashine unaukandamiza upande wake wa chini mwaka mzima. Ichomoe uipitishie kidole: upande mmoja ni laini na umebonyea, upande wa pili bado una rangi ya kiwandani. Kama kichwa chake kinaruhusu, igeuze nusu mzunguko uifunge tena. Umepata bolti ya pili bila kutoa shilingi.

Tairi la kushoto nalo lina tabia yake. Simama upande wa kushoto wa mashine, tazama tairi likiviringika kwenda mbele: linazunguka kinyume cha mshale wa saa. Huo ndio mwelekeo wa kufungulia bolti ya kawaida. Habu ikisugua kichwa cha bolti, inakivutia kwenye kulegea. Upande wa kulia msuguano huohuo unakaza. Ukikuta tairi la kushoto la mashine yako ndilo linalodondoka kila mara, usifikiri una mkosi.

Baiskeli nayo ina kinga ya upande wa kushoto, ingawa sababu yake si ileile: pedali ya kushoto ina uzi wa kinyume, ili isijifungue mwendesha baiskeli akiwa njiani.

Je, wajua kwamba nati hukazwa kwenye bodi, si kwenye tairi? Bolti nzuri ya tairi ina bega: sehemu nene laini ambayo tairi linazungukia, kisha hatua, kisha uzi mwembamba unaopita kwenye bati la mashine. Nati inabana bega dhidi ya bati, na tairi linabaki huru. Ukitumia bolti isiyo na bega, ile ya uzi hadi juu, mambo mawili hutokea. Nyuzi zinakuwa msumeno unaokereza tundu la plastiki. Na nati ukiikaza vizuri, tairi halizunguki. Ukiilegeza ili lizunguke, inadondoka. Dawa ni kipande cha bomba la chuma kinachovaa juu ya bolti, kirefu kuliko upana wa habu kwa milimita moja hivi, na washa kila upande. Nati inabana bomba, tairi linazunguka juu ya bomba.

Hiyo milimita moja msiidharau. Kipande cha bomba kikiwa kifupi kuliko habu, washa zitabana plastiki na tairi litagoma. Kikizidi sana, tairi litatembea kushoto na kulia.

Nati yenye pete ya nailoni mdomoni hujishikilia kwa sababu uzi wa bolti hukata njia yake ndani ya nailoni. Ukiifungua na kuifunga mara nyingi, njia inakuwa pana. Ukiweza kuizungusha hadi mwisho kwa vidole, imekwisha kazi yake. Nati mbili za kawaida, moja ikikazwa juu ya mwenzake, hufanya kazi ileile na zinapatikana kila duka la vifaa vya pikipiki.

Je, wajua namba ya beringi inavyosomwa? Bodaboda wetu wanaitaja kila siku bila kuichambua. Tarakimu mbili za mwisho ndizo tundu: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Kuanzia 04, zidisha kwa tano: 6204 ina tundu la milimita 20, na 6205 ina 25. Herufi za nyuma zinaeleza kifuniko: ZZ ni vifuniko vya bati pande zote mbili, 2RS ni vifuniko vya raba. Kwa mashine inayotembea kwenye umande na vumbi la majani, chukua ya raba.

Na hapa pana mtego mwingine wa inchi. Beringi 6001 ina tundu la milimita 12, upana wa nje milimita 28 na unene milimita 8. Ipo nyingine iitwayo R8, ya inchi: tundu milimita 12.7, nje milimita 28.575, unene karibu milimita 7.94. Ukiziweka mezani ni mapacha. Ukiigonga R8 kwenye nyumba ya 6001 utaipasua habu. Ukiiweka 6001 kwenye nyumba ya R8 itaelea. Soma namba iliyochongwa ubavuni, usiamini jicho.

Beringi yenyewe si jambo jipya. Mwaka 1794 Philip Vaughan wa Carmarthen, Wales, alipata hataza ya gololi zinazozunguka kwenye ekseli ya gari la farasi.

Lakini tairi nyingi za mashine hizi hazina beringi kabisa. Zina tundu la plastiki linalozungukia chuma, basi. Hapo bushi ndiyo mkombozi, na bushi inaweza kutoka mahali usipopatazamia. Chukua bomba la PPR, lile la maji ya moto ambalo vipande vyake hubaki kwenye kila nyumba inayojengwa. Bomba la milimita 20 lenye ukuta wa milimita 3.4 lina tundu la ndani la milimita 13.2. Toboa habu kwa keni ya milimita 20, kama ina nyama ya kutosha, gonga kipande cha bomba kiingie kwa kubana, na bolti ya nusu inchi itapita humo ikiwa na nafasi ya nusu milimita. Si kazi ya kiwandani, lakini mashine inarudi uwanjani siku hiyohiyo. Ukitaka kazi safi zaidi, fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma atakutolea bushi ya shaba au ya nailoni.

Nailoni iligunduliwa mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont, Marekani, na Wallace Carothers na wenzake. Je, wajua kwamba inakunywa maji? Bushi ya nailoni iliyobana sawasawa wakati wa kiangazi itavimba masika, na tairi litakuwa zito. Fundi anayelijua hilo huiachia nafasi kidogo, unene wa karatasi mbili za daftari hivi.

Mti nao huwa bushi. Mwaka 1854 Mwingereza John Penn alipata hataza ya kuweka vipande vya mti mgumu uitwao lignum vitae kwenye shafti za pangaboi za meli za mvuke, pale ambapo bushi za shaba zilikuwa zikiisha haraka mno. Mti huo una mafuta yake wenyewe na maji ya bahari yalitosha kuulainisha. Mti wetu mgumu ukichemshwa kwenye oili hadi uache kutoa mapovu unaweza kubeba tairi la toroli au la mashine ya nyasi kwa muda mrefu kuliko utakavyoamini.

Je, wajua kwa nini gundi haishiki kwenye tairi la plastiki? Ringi nyingi zimetengenezwa kwa plastiki ya jamii moja na ndoo na madumu ya maji. Uso wake unateleza kiasi kwamba hata ile gundi ya mirija miwili inayoshika chuma hubanduka kama ganda. Kinachoshika ni joto. Wale mafundi wanaoziba ndoo na mabeseni kwa chuma cha moto sokoni ndio madaktari wa ringi iliyopasuka: wanayeyusha ufa, wanaongeza plastiki ya aina ileile, wanalainisha. Wapelekee.

Hapa niseme kilichonipata. Fundi mmoja, miaka iliyopita, aliniondolea kuyumba kwa tairi kwa kuchomelea bolti kwenye bati la mashine. Ilitulia kweli. Msimu uliofuata bolti ilipoliwa, haikutoka tena. Ilibidi kukata bati lenyewe, na bati likikatwa karibu na kisu si jambo la mchezo. Tangu siku hiyo nikiona moto unakaribia sehemu inayopaswa kufunguka, nauliza mara mbili.

Grisi na mchanga vikikutana ni msasa. Kama tairi lina nipo, ile chuchu ya kupitishia grisi, pampu grisi mpya hadi ile chafu itoke yote. Kama ni tundu wazi la plastiki juu ya chuma, futa, kausha, paka kidogo sana.

Je, wajua kwamba kisu kinaweza kulegeza tairi? Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kisu kilichoelemea upande mmoja kinaipiga mashine nzima ngumi 50 kila sekunde. Hakuna nati inayopenda hivyo. Kabla ya kulaumu bolti, toa kisu, pachika tundu lake la kati kwenye msumari uliopigwa ukutani, kiachie. Upande unaoshuka ndio mzito. Noa huo mpaka kikae mlalo.

Na kasi yenyewe? Kisu cha upana wa sentimita 50 kwa mizunguko hiyo kina ncha inayokwenda karibu mita 78 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Milima ya Tarime imejaa mawe. Tairi likiyumba, kona ya mashine inashuka, kisu kinaokota jiwe, na jiwe hilo halichagui dirisha wala mguu. Uwanja wa shule uokotwe mawe kwanza, watoto wakae mbali.

Tangu mwaka 1982, sheria ya Marekani inataka kisu cha mashine ya kusukuma kisimame ndani ya sekunde 3 mtumiaji akiachia mpini. Ikiwa mashine yako ina ule mkono wa kubana pamoja na mpini, usiufunge kwa kamba.

Je, wajua kwamba kwenye mteremko mashine ya kusukuma huendeshwa kwa kukatiza, kushoto kwenda kulia, si kupanda na kushuka? Ni kwa ajili ya miguu yako: ukiteleza ukiwa chini yake au juu yake, mnakutana. Lakini kukatiza kuna gharama. Tairi za upande wa chini zinasukumwa ubavuni muda wote, na ubavu ndipo bushi hufia. Mwenye uwanja wa mteremko, na huku kwetu ni wengi, ageuze mashine kila anapofika mwisho wa mstari, ili tairi zote zipate zamu.

Kwenye mashine inayojivuta yenyewe, tairi za nyuma zina meno ndani ya ringi, na gia ndogo inayasukuma. Meno yakiisha mashine inanguruma bila kusogea. Je, wajua kwamba meno hayo huliwa upande mmoja? Kama tairi mbili za nyuma zinafanana kabisa, hamisha la kulia liende kushoto na la kushoto liende kulia. Likihamia ng'ambo, tairi linazunguka kinyume na lilivyozoea, na gia inakuta upande wa meno ambao haujaguswa. Zile gia ndogo zenyewe usizihamishe: nyingi zina kulia na kushoto, na ukizibadilisha mashine haitajivuta.

Je, wajua kwamba mwanzoni mashine ya nyasi ilibebwa na rola? Edwin Budding wa Stroud, Uingereza, alipata hataza mwaka 1830. Wazo alilitoa kwenye kiwanda cha nguo, kwenye mashine iliyokuwa ikinyoa manyoya ya kitambaa cha sufu. Rola kubwa ya nyuma ilizungusha visu kwa gia huku mtu akisukuma. Budding huyo huyo anatajwa pia kwa spana ya mdomo unaopanuka na kubana, ile mafundi wetu wanaiita spana malaya.

Mwaka 1899 John Albert Burr, Mmarekani mweusi, alipata hataza ya mashine iliyoshughulikia kero mbili tunazozijua hadi leo: majani yaliyokatwa kunasa kwenye gia na magurudumu, na kushindwa kukata karibu na ukuta. Fungua tairi lolote lililogoma leo, utakuta shungi la nyasi kavu limejisokota kwenye bolti. Toa hilo kabla ya kutoa hukumu.

Miaka ya 1960 Msweden Karl Dahlman aliondoa magurudumu kabisa: mashine yake ilielea juu ya hewa inayosukumwa chini na feni.

Iko nyingine isiyo na magurudumu, na iko jirani yetu. Je, wajua kwamba nyumbu wa Serengeti walikuwa takribani 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walizidi milioni 1.3? Sotoka ilikuwa ikiwamaliza. Ng'ombe wa pembezoni mwa hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ukapungua hata kwa nyumbu. Midomo ilivyoongezeka, nyasi zikafupishwa, moto wa nyika ukakosa cha kula, na miti ikaanza kurudi. Mwanaikolojia Sam McNaughton, aliyefanya utafiti humo, aliandika mwaka 1984 kuhusu nyasi zilizolishwa mara kwa mara hadi zikawa fupi, nzito na za kutambaa, kama uwanja uliotunzwa. Ukoka wa uwanja wa shule una tabia hiyohiyo: ukikatwa kidogo kidogo kwa kimo kimoja unatambaa na kuziba mapengo, ukiparuliwa hadi udongo, magugu yanaingia. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja. Na kimo kimoja hakipatikani kwa tairi linalocheza.

Kupima kimo ni rahisi. Weka mashine kwenye sakafu ya saruji, waya wa plagi ukiwa nje, pima kwa rula kutoka sakafuni hadi ukingo wa bodi kwenye kona nne. Kushoto na kulia viwe sawa. Mbele ikishuka milimita chache kuliko nyuma si kosa. Watengenezaji wengi huiacha hivyo ili kisu kisikate nyasi mara ya pili kinapopita nyuma.

Mashine ya yule mwalimu ilitoka na bushi ya bomba la PPR, washa mbili, bolti ya nusu inchi iliyogeuzwa, na nati mbili. Mzee alilizungusha tairi kwa kidole kimoja akalitazama mpaka likasimama lenyewe. Kisha akamwambia: “Kata nyasi saa moja tu, halafu zima, chomoa waya, jaribu nati tena. Bushi mpya hujikalia, na ikishakaa nati inabaki na nafasi. Ukisahau, Ijumaa utanikuta hapahapa.”